Sketi ya Zambarau Kwenye Cheni

Debora alinipigia simu siku chache baada ya kumzika mama yake. "Njoo na mama yako," akasema. "Kuna kitu hapa sijui kama ni cha kutupa." Tukaenda Fittja, pembeni mwa Stockholm, kwenye yale maghorofa ambayo nilipokuwa mtoto nilijua harufu ya kila mlango. Kabati la marehemu lilikuwa wazi, vitenge vimekunjwa kwa mkono wa mtu asiyependa mchezo. Katikati ya vitenge hivyo kulikuwa na kipande cha kitambaa cha zambarau, kimekatwa ovyo, kina doa jeusi upande mmoja. Nilikiinua puani. Miaka yote hiyo, na bado kilinuka grisi ya baiskeli.

Mama alikitazama, akakaa kitandani bila kukaribishwa. "Kumbe alikiweka," akasema. Kisha akalia kuliko alivyolia makaburini. Debora akanigeukia mimi, akitaka nimweleze.

Sasa nieleze nini? Pale ninapofanya kazi siku hizi, saa ya chakula cha mchana wenzangu hubishana juu ya baiskeli. Watu wazima wenye watoto na mikopo ya nyumba, wanagombana kuhusu uzito wa gurudumu! Mmoja anasema bila baiskeli ya kaboni usijisumbue kutoka nje. Mwingine anasema pesa hazinunui mapaja. Mimi hula wali wangu nikanyamaza, na wakiniuliza nasema sijui. Najua, ila jibu langu ni refu na limevaa sketi.

Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, ile wanayoiita hemtjänst. Asubuhi alimwogesha huyu, akampa yule dawa, akamfungia wa tatu vifungo vya shati, na baina ya nyumba na nyumba alipanda baiskeli ya kazini. Ilikuwa baiskeli nzito, pana, ina kikapu mbele, cheni yake imefunikwa bati mwanzo mpaka mwisho na gurudumu la nyuma lina wavu. Kwenye baiskeli hiyo Mama aliendesha na sketi yake ndefu, na wanawake wa kanisa letu walimwona hivyo kwa miaka, wakampungia mkono. Hakuna aliyesema neno. Likumbukeni bati hilo, maana wao walilisahau.

Mwenzake wa kazi aliitwa Lena, mwanamke mwembamba mwenye mvi na kicheko cha kuamsha jengo. Lena alikuwa na baiskeli ya mbio yenye bei ya gari. Aliilaza sebuleni kwake kama mgonjwa, na aliweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Yeye ndiye aliyemwambia Mama kuhusu safari ya kiangazi: watu wa kawaida, si wanamichezo wa kulipwa, wanazunguka upande mmoja wa ziwa Mälaren kwa baiskeli, kutwa nzima, wakipewa supu ya matunda njiani.

Mama alikuja na wazo hilo nyumbani, akalitoa mezani kwa Baba.

"Uende wapi?" Baba akauliza.

"Kuzunguka ziwa."

"Halafu?"

"Halafu nirudi."

Baba akaweka kijiko chini. "Sasa, mama, kama unarudi palepale, unakwenda kufanya nini?"

Mama hakucheka. Alisema kwao Uvira, Kongo, baiskeli ilikuwa ya kaka zake. Msichana alikaa nyuma, upandeupande, miguu imebanwa, akashika kiti cha mwenye kuendesha. Ndivyo alivyokwenda shule, sokoni, hospitali alipougua. Hata siku ya kukimbia nchi alikaa hivyohivyo, na aliyeendesha ni kaka yake ambaye hatukumwona tena. "Maisha yangu yote nimekaa kwenye keria," akasema. "Nataka mara moja tu niende mbali, na mbele yangu kusiwe na mgongo wa mtu."

Baba akasema, "Mimi sina neno." Baba ndivyo alivyokuwa, akisema hana neno ujue amekubali.

Lena alimwazima Mama baiskeli yake ya pili, nayo ya ghali, pamoja na viatu vinavyojifunga kwenye pedali. Mama alifika mpaka taa za barabarani za kwanza. Taa zikawa nyekundu, baiskeli ikasimama, miguu ikakataa kutoka, na Mama akaanguka polepole mbele ya foleni nzima ya magari, ubavu chini, mikono bado imeshika usukani. Alirudi nyumbani na goti limevimba. "Mguu umefungwa kama mbuzi wa sikukuu!" akasema. "Mimi nataka baiskeli inayoniruhusu kushuka." Akanunua yake kwenye soko la mitumba. Ilikuwa nyekundu, ya chuma, gurudumu moja jeusi na jingine la fedha, na ukanda wa usukani unabanduka kama ganda la ndizi. Haikuwa na kikapu. Haikuwa na bati la cheni. Niliichukia tangu siku ya kwanza.

Lena aliizunguka, akaigonga, akasema itatosha. "Yangu itanifikisha mapema kidogo," akamwambia Mama jikoni kwetu, mimi nikisikia. "Na ni tamu, siwezi kukudanganya. Lakini ziwa ni lilelile. Kitu kimoja tu nakuomba usibane pesa." Akatoa mfukoni suruali fupi nyeusi, ya kubana, ina sponji nene pale pa kukalia. "Bila hii, Jumapili hutakaa kwenye benchi la kanisa."

Mama aliipokea kwa ncha za vidole, akatazama mlangoni kama mtu aliyepewa kitu cha wizi.

Hapo lazima mmjue Mama Debora, huyu marehemu. Alikuwa kiongozi wa kwaya yetu, kwaya ya Wakongo na Warundi iliyoimba Jumapili alasiri katika ukumbi tulioazimwa na kanisa la Kiswidi. Mwanamke mkubwa, sauti nzito, miwani kwenye kamba. Siku tuliyofika Stockholm, kabla hatujajua hata kuvuka barabara, yeye ndiye aliyekuja na makoti ya baridi ya familia nzima, akanishika mikono akaipulizia mpaka ikapata joto. Alimpa Mama koti, akampa sufuria, akamsikia akiimba huku anaosha vyombo, akampa sauti ya kwanza. Mama alikuwa na dada hapa Ulaya kwa sababu Mama Debora aliamua hivyo.

Na Mama Debora alikuwa na sheria. Mwanamke wa kwaya havai suruali, si kanisani tu, popote pale. Hata Januari, barafu imekaba mlango, waimbaji wetu walivaa soksi nene za sufu na sketi juu yake. Mama aliomba ruhusa kazini avae sketi, akapewa. "Tumeacha nyumba, tumeacha makaburi," Mama Debora alikuwa akisema, "na hawa watoto tunawasemesha Kiswahili wanatujibu Kiswidi. Basi angalau sketi tusiiache." Akisema hivyo wanawake waliitika eeh, na mimi niliyekuwa nikijibu Kiswidi nilitazama viatu vyangu.

Kwa hiyo Mama alikuwa akienda kwa Lena na sketi, anabadilisha huko, anapita njia za msituni, anarudi na sketi. Lakini msitu una mwisho. Jumamosi moja alitokea barabara kuu ameinama juu ya ile baiskeli nyekundu, mapaja yake yote nje katika kile kinguo cheusi, na Mama Debora alikuwa dirishani katika basi.

Jumapili yake nilitumwa jikoni ukumbini kuleta vikombe. Wanawake walikuwa wamenipa mgongo.

"Mama mzima!" Mama Debora alikuwa akisema. "Mwenye sauti ya kwanza! Anapita barabarani na kitu kile, mbele ya watu! Dereva mwenyewe aligeuza shingo."

"Tumwambie kwa upole," mmoja akasema.

"Upole gani? Ni aibu yetu sote ile. Aachane na kitu kile, au aache kwaya."

Nilisimama na vikombe vyangu. Mimi nilijua aibu ni nini, tena vizuri sana. Majira ya baridi yaliyopita shule ilitupeleka kuteleza kwenye barafu, na viatu vyangu vilikuwa vya mitumba, kimoja kina kamba ya kahawia na kingine nyeupe. Watoto walicheka mpaka nikajifanya tumbo linauma. Basi kitu cha aibu kilikuwa kitu gani tena, kama si ile baiskeli yenye magurudumu ya rangi mbili? Nilimwonea huruma Mama Debora. Hata mimi, ningekuwa dirishani katika basi lile, ningeinamisha kichwa.

Jioni hiyo Mama alisonga ugali kimya. Mama alikuwa hajawahi kusonga kimya. Baada ya kula alimwambia Baba yale aliyoambiwa na wanawake wa kwaya, na nilisikia yote maana nyumba zetu zina kuta za karatasi.

"Wale ndio mama yangu, ndio dada zangu," akasema. "Nikitoka mle nitaimba na nani, na friji? Na nikiiacha baiskeli, nimerudi kwenye keria."

"Hakuna njia ya katikati?"

"Katikati ya suruali na sketi kuna nini?"

Mimi hilo la suruali lilinipita juu. Niliona jambo moja tu, na lilikuwa jepesi: Mama akipata baiskeli ya bei kubwa kama ya Lena, aibu itakwisha, kwaya itabaki, na ziwa atalizunguka. Nilishangaa watu wazima hawalioni. Baba hakuwa na pesa hizo, hilo nilijua bila kuuliza. Lakini palikuwa na mtu mwingine wa kuombwa, na kila Jumapili mchungaji alikuwa akiuliza, "Nani ana ombi?"

Jumapili iliyofuata alipouliza, mtu mmoja akaombea karatasi za kukaa nchini, mwingine akaombea figo za shangazi yake. Nikanyoosha mkono. Nikasimama juu ya kiti ili nionekane. Nikasema kwa Kiswahili, maana nilidhani Mungu wa pale anasikia zaidi Kiswahili:

"Naomba Mungu ampe Mama baiskeli ya bei kubwa, mpya, magurudumu ya rangi moja, ili Mama Debora asione aibu akiwa kwenye basi, na Mama asifukuzwe kwaya."

Mtu akakohoa. Nyuma kijana mmoja akapasuka kicheko, akapigwa kiwiko. Baba alifunika macho kwa kiganja. Mama alitazama mbele moja kwa moja, shingo imekakamaa, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Mchungaji akasema "Amina," lakini kama mtu anayeuliza. Na Mama Debora akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Siku mbili tatu baadaye kengele ya mlango wetu ililia. Alikuwa Mama Debora, futi ya fundi shingoni, mfuko wa kitambaa kwapani. Hakuketi.

"Mtoto amesema mbele ya Mungu," akamwambia Mama. "Mimi baiskeli ya bei kubwa sina. Nina cherehani. Geuka nikupime."

"Mama Debora, yale mambo ya mtoto..."

"Geuka, nasema."

Alimpima kiuno, akampima goti. Mfukoni alikuwa na kitambaa cha zambarau cha sare ya kwaya, kile kilichobaki waliposhona za Pasaka. Alisema atamshonea sketi ya baiskeli, pana, ya kurusha mguu, avae juu ya kile kinguo, na watu wote wataridhika, Mungu na Lena pamoja. Aliongea haraka, bila kutuangalia. Nilijua kwa nini siku hiyohiyo, kwa akili yangu ya kitoto: anajuta kwamba hana pesa. Leo nadhani alikuwa ameogopa. Alikuwa ameona jinsi ilivyo rahisi kumpoteza mtu ambaye yeye mwenyewe alimvika koti.

Lena alipoiona ile sketi alishika kichwa. "Itaingia kwenye cheni! Hii si baiskeli ya kazini, haina kifuniko!"

"Najua," Mama akasema.

"Basi usivae!"

Mama akaikunja taratibu. "Lena, wewe hujui nani kaishona."

Siku yenyewe palikuwa na jua na upepo mdogo kutoka majini. Baba alitupakia sisi na nusu ya kwaya katika gari la kuazima, nusu nyingine ikaja kwa basi, tukajipanga kandokando ya kilima chini ya kituo cha mapumziko. Waimbaji walivaa sare, zambarau tupu. Walikuwa na chupa za chai, maandazi, na keki aliyooka Mama Debora, kubwa, na kisu chake cha kukatia. Wazungu wa kituo walitugawia supu yao ya moto ya matunda meusi. Mama Debora alionja, akanong'ona, "Hii ni dawa au chakula?" lakini akaimaliza.

Baiskeli zilipita, nyingi, zinavuma kama nyuki. Niliziona zote: nyeupe, nyeusi, zinazong'aa, na watu wamevaa miwani ya rangi ya upinde wa mvua. Wengine walikuwa na matumbo makubwa juu ya baiskeli nyembamba sana, wakihema kilimani vibaya mno. Kisha tukamwona Lena, na nyuma yake kidogo, Mama. Sketi ilikuwa imejaa upepo kama mwavuli. Kwaya ikaanza kuimba kabla Mama Debora hajainua mkono.

Mama alituona. Akacheka na uso mzima. Akasimama juu ya pedali apande kilima mbele yetu kwa heshima, na hapo sketi ikashuka upande wa kulia na cheni ikaila.

Baiskeli ilikwama papo hapo. Mama alitia mguu chini kwa bahati, akayumba, akasimama. Kitambaa kilikuwa kimejikunja kwenye meno ya gia, kimemvuta kiunoni hata hawezi kunyooka. Akavuta mbele, ikazidi kukaza; akavuta nyuma, ikaingia zaidi. Nyimbo zilikatika. Lena alirudi mbio, akafungua kamfuko kake kazuri cha chini ya kiti, akatoa vifaa vidogo vinavyong'aa, bisibisi, funguo, kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichokata nguo.

"Nimeiharibu," Mama alisema kwa sauti ndogo. Hakumwambia Lena. Alimwambia Mama Debora, ambaye alikuwa amefika anahema. "Nisamehe, dada. Nimeharibu sare."

Waendesha baiskeli walitupita pande zote mbili, wengine wakiuliza kama tunahitaji msaada. Mama Debora alipiga magoti kwenye vumbi na sketi yake safi. Alishika kitambaa, akaona kimeingia wapi. Akaona pia, nadhani, kwamba njia ilikuwa moja tu, na chini ya njia hiyo kuna kile kinguo cheusi, na nyuma yake kuna kwaya nzima inatazama.

"Leteni kisu," akasema.

"Mama Debora..." mmoja wa waimbaji akaanza.

"Kisu cha keki! Mnangoja nini?"

Akakata. Alikata kutoka kiunoni kwenda chini, kitambaa alichokishona mwenyewe, krimu ya keki ikichanganyika na grisi. Sketi ikaanguka. Akachomoa vipande kwenye gia kwa vidole mpaka cheni ikawa huru. Mama akabaki amesimama katikati ya barabara kwenye suruali yake ya kubana, mbele ya dada zake wote, hajui aweke wapi mikono.

Mama Debora aliinuka kwa shida, akishika gurudumu lile la fedha. Alimtazama kuanzia viatuni mpaka helmeti. Tulingoja.

"Mazoezi Jumanne ni saa kumi na mbili," akasema. "Usije ukasingizia miguu inauma."

Mama akakaza helmeti. Akapanda baiskeli. Mama Debora akaweka kiganja chake kipana, cheusi kwa grisi, juu ya kiti nyuma yake, akamsukuma kilimani hatua kadhaa, anakimbia na viatu vyake vya kanisani, mpaka baiskeli ikamwacha. Kisha akageuka, akainua mkono, na kwaya ikaimba kwa nguvu mpaka Wazungu wa supu wakatoka nje kutazama.

Mimi nilidhani ameikata sketi kwa sababu kitambaa kilikuwa cha bei rahisi. Niliendelea kudhani hivyo muda mrefu. Mama alifika mwisho kati ya wa mwisho, Lena yuko pembeni yake, amepunguza mwendo kwa hiari yake njia nzima kwenye ile baiskeli yenye bei ya gari.

Hayo nilimweleza Debora, tumekaa sakafuni kwa mama yake. Debora alisema hakuwahi kuambiwa. Akamuuliza Mama kama akifue kile kipande kabla hajampa.

"Usikifue," Mama akasema. "Hayo madoa ni vidole vyake."

Akakikunja, akakitia mkobani. Kisha akasimama, akanyoosha sketi yake. Ilikuwa ndefu, chini ya goti, kama ile aliyoivaa makaburini alipoanzisha wimbo. Hakuna aliyemwambia aivae.